Msimu Mikayi Alipokuwa India

Mwaka ule mvua ilitukuta tumejiandaa kwa kila kitu isipokuwa mtu mmoja. Shamba lilikuwa limelimwa na ng'ombe tangu kiangazi. Mbegu za mtama zilikuwa kwenye kibuyu, zimechanganywa na majivu ili wadudu wasizile. Aliyekosekana ni mikayi, na mikayi alikuwa India.

Nieleze kidogo. Upande wetu wa Karungu, kando ya ziwa, mikayi ni mke wa kwanza wa boma, na mimi ni mke wa pili. Mume wetu alishafariki, akatuachia nyumba mbili zinazotazamana, ng'ombe wachache, na watoto ambao ukiwauliza mama yao ni yupi watakuonyesha sufuria inayochemka. Watu husema fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tulikaa, tena bila fahali.

Mimi ni Mkuria, nimezaliwa karibu na mpaka wa Tanzania, na nilipoolewa sikujua hata kusalimia kwa Kijaluo. Mikayi ndiye aliyenipokea. Wengine walinitazama tu, yeye akanivuta mkono akanionyesha mahali pa kuteka maji na mahali ambapo hapatekwi. Tuliongea Kiswahili cha sokoni, yeye chake cha kuuzia omena, wale dagaa wetu, sokoni Sindo, mimi changu cha mpakani, na mpaka leo tukiwa wawili lugha yetu ni hiyo. Akiniita husema "nyieka", yaani mke mwenzangu, na kinywani mwake neno hilo halina uchungu wowote.

Wageni wa maendeleo walipokuja kwenye kikundi chetu cha kina mama, walisema wanatafuta mwanamke mmoja wa kwenda India kujifunza kutengeneza taa za sola, arudi aangaze kijiji. Nilinyoosha mkono kabla hawajamaliza. Nilikuwa nimesoma, nilijua Kiingereza cha kutosha kuomba maji na kukataa chai. Lakini walimtaka mtu mzima, mwenye wajukuu. Huko India, walisema, wameshaona kwamba ukimfundisha kijana anahamia mjini na ufundi wake, ukimfundisha nyanya anabaki. Macho yote yakamgeukia mikayi, naye akawa anatazama mbuzi kama aliyesikia jina la mtu mwingine.

Niliudhika, sifichi. Kwa siku kadhaa nilipika nikigonga sufuria. Lakini asubuhi ya safari nilimbebea mzigo mpaka barabarani.

"Urudi kabla ya mvua," nikamwambia.

"Si nitarudi tu. Kwani nitakaa huko nifanye nini?"

India yangu niliijenga kwa simu zake za Jumapili. Alinipa vipande vipande, nami nikaviunganisha nikiosha vyombo ziwani. Alisema nchi ile ni kavu kuliko Karungu wakati wa njaa, lakini watu wake wanavaa rangi zote, kama wanaikumbusha ardhi maua yalivyo. Alisema wanawake hubeba mitungi kichwani, wamevaa bangili mpaka viwikoni, na wakitembea unasikia muziki. Ngamia wanavuta mikokoteni. Kwenye chumba cha mafunzo wamekaa akina nyanya kutoka nchi ambazo hakuweza kuyatamka majina yake, hakuna anayejua lugha ya mwenzake, wanafundishwa kwa rangi: waya mwekundu huku, waya mweusi kule. Mmoja akikosea wote wanacheka, kila mtu kwa kicheko cha kwao.

"Na chakula?" nikamuuliza.

"Wacha tu, nyieka. Dengu asubuhi, dengu jioni. Hawa watu ziwa lao walipeleka wapi?"

Asubuhi ukungu ukifunika maji, na mashua za omena zikirudi bila sauti, niliwaona ngamia wake wakitembea juu ya ziwa. Nasema niliwaona. Nilikuwa na sahani mkononi na majivu kwenye vidole, na ngamia wanapita taratibu, mizigo imefungwa kwa kitambaa chekundu, wanaingia kwenye ule weupe na kupotea. Nilikuwa sijawahi kuona ngamia hata mmoja maishani mwangu. Ziwa letu lina tabia hiyo, ukilitazama mapema sana linakuonyesha ulichonacho kichwani.

Alipaswa kurudi kabla ya mvua. Karatasi za safari zikachelewa, na mvua za siku hizi hazina adabu, zikaja mapema. Ilianza mchana mmoja kwa matone makubwa, vumbi likanukia, watoto wakakimbia nje midomo wazi. Kesho yake majirani wote walikuwa mashambani. Nilisikia majembe yao na nyimbo zao kutoka kila upande, na sisi tumekaa katikati kama watu walioalikwa harusini wakakatazwa kuingia.

Kwa Wajaluo boma hupandwa kwa mpangilio. Mikayi ndiye wa kwanza kutia mbegu ardhini, kisha mke wa pili, kisha wake za wana. Akitanguliwa, boma limepinduliwa, na kinachofuata ni chira, ile laana inayomkondesha mtu mpaka hospitali wakose jina la ugonjwa. Kwa mama yangu mpakani ilitosha mvua kunyesha. Hapa mvua ilikuwa imenyesha, na haikutosha.

Na udongo wetu mweusi hauna subira. Ukilowa unapokea mbegu kwa siku chache, halafu unanata kama ugali ambao haujaiva, halafu jua linaupasua. Ukikosa siku hizo umekosa msimu. Mtama ule ndio ulikuwa chakula chetu, maana samaki wa kutegemea walishakwisha zamani. Nikipanda, nampindua mwanamke aliyenipokea, na ukoo utasema Mkuria ameonyesha rangi yake. Nisipopanda, watoto wa nyumba zote mbili watalala njaa.

Mlinzi wa mambo hayo alikuwa shemeji yangu, ndugu wa marehemu, mzee mwembamba mwenye kofia ambayo haitoki kichwani isipokuwa kanisani. Kila asubuhi alikuja kusimama ukingoni mwa shamba letu, akatazama udongo kama anatazama mgonjwa.

"Shemeji, mvua inapita," nikamwambia.

"Naiona."

"Sasa tufanye aje?"

"Tungoje mwenyewe."

"Mwenyewe ako India!"

"Si mlimpeleka nyinyi, na hiyo kikundi yenu? Mngeuliza hao wageni kama huko kwao watu hawapandi." Akanitazama kwa huruma. "Subira huvuta heri, shemeji."

"Heri yenyewe naona imevutwa na jirani."

Hakukasirika. Alipenda boma la ndugu yake, na aliogopa kwa dhati. Pasta naye alisema nipande, Mungu hana mke wa kwanza wala wa pili. Shemeji aliposikia akasema pasta ana shamba lake na chakula chake, na siku sisi tukianza kukonda atakuja kutuombea tu.

Siku zile nilitembea kama mtu ambaye hajaamka vizuri. Nikikaa ndani nilisikia mbegu zikisogea kwenye kibuyu, na nikikitikisa zinanyamaza. Mashamba ya majirani yaliota, mistari ya kijani ikatuzunguka pande zote, na letu likabaki jeusi na laini, linapumua mvuke kila jua likichomoza. Binti yangu mdogo aliniuliza kama sisi tumeacha kula.

Asubuhi moja nilichukua kibuyu, nikavua viatu, nikaenda shambani peke yangu. Udongo ulikuwa baridi, ukapanda katikati ya vidole vya miguu. Nilichota mbegu mkononi. Nilimchukia mikayi wakati ule, nilimchukia yeye na ngamia wake na nyaya zake, nilimchukia kwa kuwa ndiye aliyechaguliwa na bado hata akiwa mbali ndiye wa kwanza. Kisha nikamwona mgongo wake, mwaka niliofika, ameinama akinikatia kipande cha shamba lake mwenyewe kwa sababu mume wetu alikuwa bado anafikiria anipe wapi. Nilirudisha mbegu kwenye kibuyu. Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira.

Jumapili alipopiga nilimwambia yote bila kupumua. Nyuma ya pumzi zake nikasikia ndege analia kama mtoto aliyepotea sokoni. Alishaniambia kwamba huyo ni tausi, huko wanatembea uani kama kuku.

"Mvua bado iko?" akauliza.

"Iko. Udongo umeanza kunata."

"Kesho asubuhi nitapiga. Shemeji awe hapo."

Shemeji alikuja mapema, akaletewa kiti, akakaa mbele ya simu kama mtu aliyekaa mbele ya chifu. Nikaweka sauti ya juu. Mikayi alimwongelesha kwa Kijaluo, polepole, kama anasoma neno kanisani.

"Shemeji, usiku nimeota niko nyumbani."

"Endelea."

"Nilikuwa shambani kwangu, nimeanzia upande wa kichuguu. Mimi niko mbele na kibuyu, nyieka yuko nyuma yangu anafukia. Miguu yangu ilikuwa na baridi ya udongo. Tulipomaliza kwangu nikamwambia, haya, sasa nenda kwako."

Shemeji akavua kofia. "Mbegu iliingia ardhini?"

"Iliingia. Niliisikia ikitoka vidoleni."

"Na mvua?"

"Ilikuwa inanyunya."

Mzee akawa anaigeuza kofia yake mikononi. Kuku wakapita, ng'ombe akakohoa, na mimi nikawa naomba Mungu wa pasta na wa mababu wote kwa pamoja. Ndoto kwetu haidharauliwi. Anayeota amepelekwa mahali, na aliyempeleka ana sababu zake.

"Basi mikayi ametangulia," akasema hatimaye, na akanigeukia. "Shemeji, unangoja nini? Fukia."

Tulipanda kesho yake, kulipopambazuka. Nilianza kwenye shamba la mikayi, upande wa kichuguu, kama alivyosema. Mvua ilikuwa inanyunya, nyepesi sana, hata hukujua kama inaanguka au inaning'inia tu. Ziwa halikuonekana. Jirani hakuonekana. Kulikuwa na weupe kila mahali na mistari yangu miwili mitatu ya udongo inayoingia ndani yake, na huko mbele, hatua chache tu, kulikuwa na mtu. Sikumwona sura. Niliona kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, na kila nilipofika nilikuta kama udongo umeshafunguliwa, unanisubiri. Watoto walinifuata wakiimba. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Tulipomaliza kwake nilisimama, na naapa nilisikia nikiambiwa, haya, sasa nenda kwako.

Mtama ulikuwa umefika kiunoni aliporudi. Alishuka barabarani amepungua mwili, ana bangili mkononi na sanduku zito la vifaa ambalo hakutaka mtu alibebe. Kijiji kizima kilikuja kumpokea, na jinsi alivyofunga taa ya kwanza na shangwe zilizofuata wengine wameshasimulia kuliko ninavyoweza. Ninachokumbuka mimi ni kwamba kabla ya yote hayo, kabla hata ya kuingia nyumbani kwake, alipitia shambani.

Alitembea katikati ya mistari akigusa majani. Akang'oa gugu moja, akalitupa, akang'oa lingine. Nilimfuata nyuma nikimwambia jinsi ilivyokuwa, ukungu, mvua, na yule mtu aliyetangulia mbele yangu. Yeye akawa anaitikia tu. Mwishoni nikamuuliza jambo nililokuwa nimelitunza moyoni tangu siku ile.

"Mikayi, ile ndoto yako. Iliisha aje?"

"Ndoto gani?"

"Ile ulimwambia shemeji."

Akainua kichwa, akatazama kwanza upande wa boma kama mzee yuko karibu.

"Nyieka, mimi usiku huo sikulala," akasema. "Nilikaa kwa kitanda mpaka asubuhi, nikitafuta neno ambalo huyo mzee hawezi kulijibu."

Nilisimama. Mtama ulitikisika pande zote, na kwa muda sikujua ni nini kilichokuwa kweli katika asubuhi yangu ile. Kisha hofu ikanishika, hofu ya kweli, ya mtu aliyeishi Ujaluoni miaka mingi kuliko aliyoishi kwao.

"Na chira?" nikamuuliza. "Kama ulidanganya, chira je?"

"Kama iko, itanitafuta mimi." Alisema hivyo akiwa ameshainama tena kwenye magugu. "Uongo ni wangu. Wewe ulipanda tu."

Alikuwa ameyawaza hayo yote kitandani huko India, peke yake, na akakubali. Nililia palepale katikati ya mtama, kwa sauti kama mtoto, mpaka akaniziba mdomo kwa mkono wenye udongo na kuniambia ninyamaze, nisije nikamleta shemeji.