Jina Lililoandikwa kwenye Stakabadhi ya Trekta

Aliyenunua trekta dogo la kwanza kijijini kwetu ni mama yangu mzazi, Milembe, mjane, ambaye watu wote walimwita Mama Kabula. Aliyeandika kwamba si yeye ni mimi, Kabula. Nayatanguliza haya mawili ili msomaji asihangaike kumtafuta mhusika.

Stakabadhi yenyewe ninayo, ndani ya mkebe wa majani ya chai. Nikiufungua hadi leo hunukia dizeli, na harufu hiyo hunirudisha darasa la nne, kwenye ua wa mfanyabiashara mmoja wa mashine kuukuu mjini Shinyanga, nikiwa nimevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo ilikuwa nguo yangu pekee isiyo na kiraka.

Lakini nianze na ng'ombe. Baba alipofariki, kaka yake, yaani baba yangu mkubwa, alikuja akaswaga maksai wetu wanne, akabeba na plau. Alisema ni mali ya ukoo. Mama hakubishana. Kwa misimu mitatu tulilima kwa jembe la mkono katika udongo mweusi wa mbuga, ule ambao ukilowa hushika jembe kama unalidai, na kila mwaka sehemu iliyobaki bila kulimwa ilizidi kupanuka. Msimu wa nne ulipokaribia, baba mkubwa alipita akiwa na fimbo yake, akasema kwa upole kabisa kwamba shamba lisilolimwa halina mwenyewe, na kwamba wanawe walikuwa wanatafuta mahali pa kulima.

Wiki ile mama aliuza mpunga wote aliokuwa ameuficha kwenye ghala la kaka yake, Mjomba Masanja, dereva wa kiwanda cha kuchambua pamba. Mawingu yalikuwa yamekwisha kuanza kujikusanya upande wa ziwa. Tukaenda mjini watu watatu.

Wasomaji wangu, sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Lilikuwa trekta jekundu, fupi, magurudumu yake ya mbele hayazidi sinia la pilau, lenye kiti cha chuma chenye matundu na plau yake nyuma. Mjomba alipoliwasha lilikohoa mara mbili, likatoa moshi mweusi, kisha likashika mlio ambao niliusikia tumboni kabla ya masikio. Nilicheka mpaka nikaona haya. Mama alilizunguka polepole, akaligusa pajani kama anavyokaguliwa fahali mnadani.

Karani aliniita mimi nijaze fomu ya stakabadhi, kwa kuwa mama na mjomba hawakujua kuandika. Niliinamia karatasi kwa fahari kubwa. Penye jina la mnunuzi nilikwisha kuandika herufi M, mama akasema, "Masanja."

Nikamtazama. Nilimwambia kwamba trekta ni lake.

"Andika, mwanangu. Mashine haisomi."

Herufi M ilifaa majina yote mawili, basi nikaendelea. Karani akausifu mwandiko wangu, nami nikasahau swali langu papo hapo.

Safari ya kurudi ilichukua nusu siku. Mjomba aliendesha, mama alikaa juu ya madigadi ya kushoto, mimi ya kulia, kila mmoja ameshika chuma kwa mikono miwili. Ili kumbukumbu ziwe sahihi, sina budi kukiri kwamba baiskeli nne zilitupita. Mwenye baiskeli ya mwisho, aliyepakia magunia mawili ya mkaa, alipunguza mwendo ili atusalimie.

"Shikamoo, mama. Hili ni trekta, au ndama wa trekta?"

"Marahaba, baba. Ndama hukua."

Mjomba alicheka hadi tukaingia kwenye nyasi. Tulipofika, kijiji kizima kilikuwa barabarani; wanawake walipiga vigelegele, mbwa walitoroka, na bibi mmoja aliligusa boneti, akaunguza kidole, akalibariki hata hivyo. Siku ya tatu mvua ilinyesha. Kufikia Jumamosi shamba lote lilikuwa limegeuzwa, jeusi, linang'aa, hakuna kipande kilichobaki.

Jumapili baba mkubwa akaja. Alilitazama trekta, kisha akasema kwamba chochote kinacholala katika boma la marehemu ni cha boma. Mama aliingia ndani, akatoka na karatasi, akanipa mimi.

"Msomee baba yako mkubwa."

Nikasoma kwa sauti ya darasani: mnunuzi, Masanja.

Baba mkubwa aliitazama karatasi asiyoweza kuisoma. Masanja hakuwa wa ukoo wake. "Basi aje achukue trekta lake," alisema.

"Atalichukua msimu ukiisha, shemeji," mama akamjibu.

Msimu ule, kwa kumbukumbu zangu, haukwisha hadi nilipoajiriwa masjala ya serikali. Na ni huko, kati ya majalada ya mirathi ya wajane wa watu, ndiko nilikoelewa kwa nini mama hakununua maksai wengine, wasio na stakabadhi, na kwa nini hakusita hata kidogo kulitaja jina lile. Alikuwa amejenga ua kuzunguka shamba lake kwa mkono wa mtoto, na mtoto akadhani anafanya imla.

Sasa kumewekwa bango kwenye ofisi ya kata yetu, lenye orodha ya waanzilishi wa kilimo cha kisasa. Limeandikwa: trekta la kwanza, Masanja. Nilipolalamika, nilionyeshwa nakala ya stakabadhi. Mwandiko wangu ulitolewa kuwa ushahidi dhidi yangu. Mashine haisomi, ni kweli. Lakini ofisi husoma.

Mama hayupo, mjomba hayupo, na ua ule hauhitajiki tena. Kwa hiyo ninaitaka ofisi ya kata ilirekebishe bango hilo. Ninawataka wazee wa ukoo wa baba yangu waeleze maksai wanne wa mjane walichukuliwa kwa haki gani. Na mimi nimekwisha kukiri la kwangu hapo juu. Nadai majibu kwa maandishi, yenye jina na saini ya kila anayejibu. Na safari hii jina liwe la kweli.