Karani Aliyenisomea Kura Yangu

Mnanichosha na maswali yenu, eti jimbo letu la West Virginia lilipigaje kura mwaka ule. Mimi namkumbuka karani wa kituo cha kura tu. Alikuwa mchimba makaa mstaafu, vidole vina alama za buluu za vumbi lililobaki ndani ya ngozi. Kabla ya kutusomea karatasi za kura sisi tusiojua kusoma, alivua kofia yenye nembo ya chama chetu akaikalia. Kila jina alilisoma kwa sauti ile ile kavu, kama anayeita wagonjwa. Mwaka ule kaka yangu Delmer akapayuka mlangoni mwa ukumbi wa kura, bakuli la maharage mkononi, "Msomee mtu wetu tu, mzee! Wengine wa nini?" Karani hakuinua macho. "Delmer, kale maharage yako. Dada yako Orpha ana kura yake." Akanisomea wote. Nikaweka alama kwa yule wa upande wa pili, naye anaona. Akauliza tu, "Umemaliza, dada?" akaikunja karatasi polepole.

Jioni redio ikatangaza jimbo limekihama chama chetu, na pale ukumbini watu wakaanza kutafutana, nani msaliti. Nilikuwa nakaa kwa Delmer. Angejua, angenitupia virago nje. Karani akanisogezea mkate wa mahindi, akauliza kama nataka siagi. Kila Novemba, uchaguzi ukifika, natamani mzee yule angekuwepo. Basi wewe uliyenisumbua kuliko wenzako, unajua kusoma: uchaguzi ujao nipeleke kituoni, unisomee majina yote, na utakaloliona uzikwe nalo.