Simu Kwanza, Malipo Baadaye

Mshauri wa masomo wa chuo kimoja kidogo mjini Toledo ana mikono mipana iliyopasuka kwa baridi, na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Mwanafunzi akimletea kozi ya mtandaoni ya bei nafuu, haangalii hata bei. Anainua simu kuuliza chuo kikuu anakotaka kuhamia mwanafunzi kama wataitambua. Wakimsubirisha kwa muziki, anaufuatisha kwa mluzi huku akinyoosha vibanio vya karatasi. Siku moja Yesenia, aliyetoroka kidogo kazi ya kufua mashuka hospitalini, alikuwa ameshaingiza namba ya kadi kwenye kompyuta ya mshauri kulipia kozi ya biolojia, aende akasomee uuguzi.

"Mama, nachelewa kazini. Wacha nilipe tu."

Yule mama, simu yenye muziki sikioni, akakifunika kipanya kwa kiganja. "Ngoja, mwanangu."

Muziki ukakatika. Biolojia isiyo na maabara, wakasema wa chuo kikuu, kwa uuguzi hawaipokei.

Yesenia akauliza, "Sasa ipi ni rahisi?"

"Ya urahisi usiniulize mimi. Hesabu ya lazima nilifeli mara mbili."

Akacheka, akatafuta kozi nyingine yenye maabara, akainua simu tena. Safari hii Yesenia alivuta kiti.