Zimwi Likujualo

Mwanangu, juzi uliniona nimeinuka wakati nyie mnalicheka lile jitu la filamu lililozingirwa na mienge kwenye simu yako, ukaniuliza kama naogopa. Kaa nikwambie. Ipo siku moja ya ujana wangu, hapa hapa Temeke, naikumbuka hata nisipotaka.

Enzi hizo tulikuwa na banda la video la Mzee Kombo. Mabenchi, joto, na yeye ameketi kando ya runinga na maiki yake, anatutafsiria filamu za Kizungu kwa Kiswahili cha mtaani. Iliyojaza banda ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya jitu lililotoka kwenye kinamasi. Halikuwa na jina wala maneno. Lilinguruma tu, na mwisho wanakijiji walilizingira na mienge, wakalichoma.

Kila jitu liliponguruma, Mzee Kombo alishusha maiki. Hapo ndipo Sefu alipojibu. Sefu alikuwa bubu, mvuta mkokoteni wa Kurasini, na tulikaa benchi moja. Alijibu kwa sauti ile ile ya jitu. Siku ya kwanza tulicheka mpaka Mzee Kombo akatukatiza.

"Msicheke. Hapo mie sina neno. Yeye ndiye anayetafsiri."

Tangu hapo tulikuwa tunamsubiri Sefu. Jitu likichomwa, wanaume wazima walijifuta macho, wakasingizia moshi wa sigara.

Sasa sikia. Adhuhuri moja, siku chache tu baada ya kuiangalia tena filamu ile, Sefu aliingia kuchota maji kwenye ua aliozoea. Mama aliyekuwa akimruhusu alikuwa amehama, na mpangaji mpya hakuna aliyemwambia habari za Sefu. Akapiga yowe la mwizi. Sefu alifungua kinywa ajieleze, ikatoka ile sauti, watu wakazidi kuogopa. Mwenye hofu haulizi.

Tulikimbia, mie na Mzee Kombo. Alipaza ile sauti yake iliyojulikana mtaa mzima: "Ni Sefu huyo, jamani. Ni Sefu wetu." Nami nikalitaja jina mpaka koo likakauka. Hakuna aliyegeuka. Tairi walilomvisha lilikuwa limeshawashwa. Na wale walioliwasha, Mungu wangu, wengi niliwatambua kwa migongo yao, maana bandani nilikuwa nakaa nyuma yao.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nimelitafuna neno hilo mpaka meno yameniisha. Lililomla Sefu lilimjua, na lilimmaliza.

Majuto ni mjukuu, na yetu yalikuja Jumamosi iliyofuata. Banda lilijaa, watu wakataka filamu ile ile. Mzee Kombo akaiweka, akazima maiki. Jitu liliponguruma, alitutazama benchi baada ya benchi.

"Haya, tafsirini."

Watu walikuwa wamebanana kila mahali, lakini pembeni yangu, pale pa Sefu, hakukaa mtu. Mzee Kombo hakulifungua tena banda lake.

Ndiyo maana niliinuka juzi. Nyie mnaangalia jitu, mie macho yangu yanakwenda kwenye mienge, natafuta migongo ninayoijua. Nilidhani aliyelia hawezi kuchoma. Kumbe anaweza, tena wiki hiyo hiyo. Sina tumaini kubwa na watu, mwanangu, nisikudanganye.

Wala siwezi kukuahidi kwamba jina la mtu litamwokoa. La Sefu halikumwokoa, kwa sababu tulilitaja moto umeshawaka. Basi wewe litaje mapema, siku za amani. Akihamia mpangaji mpya, mpitishe nyumba kwa nyumba, mwambie huyu ni fulani, yule ni fulani. Asiyeweza kujisemea, msemee kabla hajaulizwa. Na ukisikia yowe, miguu isiitangulie akili.

Mungu akukuze. Akupe majirani wanaokuita kwa jina, na siku utakayokosa maneno, asikosekane mtu wa kukutafsiri.