Kiroba Changu cha Krismasi Kwenye Mtaro wa Igogo

Nakumbuka siku moja, kesho yake baada ya Krismasi, taka za nyumbani kwangu zilipotolewa mbele ya majirani, nami nikasimama pale kama mtu asiyezijua. Sikiliza, Neema mwanangu, maana sikukuu zinakaribia na nimeona orodha yako ya manunuzi.

Nilikuwa na mwaka wa pili kwenye ndoa. Tulipanga nyumba Igogo, Mwanza, juu kwenye mawe, na wakwe zangu walikuja kutoka Sengerema kula sikukuu kwangu kwa mara ya kwanza. Nilitaka waone mtoto wao amepata mke. Tulikuwa watu kumi na wawili, nikapika pilau la watu thelathini. Nikanunua sahani za kutupa ili mama mkwe asinikute nimeinamia vyombo, maji ya chupa, na keki ndani ya boksi. Jioni vyote vikaingia kwenye kiroba kimoja, na pilau lililobaki humo humo. Gari la taka lilikuwa halijapita wiki nzima. Asubuhi nikakitumbukiza kiroba mtaroni, nyuma ya nyumba. Nilijiambia mvua itakipeleka ziwani. Ndivyo nilivyosema, mwanangu, utadhani si ziwa lile lile tulilokuwa tunakula samaki wake.

Alasiri mvua ikaja, mvua ya Mwanza unayoijua. Chini yetu aliishi Bibi Nyangeta, mjane kutoka upande wa Musoma, aliyeuza dagaa soko la Mwaloni. Binti yake Esta alikuwa amejifungua siku nne tu kabla, amelala na kichanga kwenye godoro chini. Nikasikia yowe. Niliposhuka mbio, maji yalikuwa yameshafika magotini mle ndani, na Esta amesimama juu ya stuli, mtoto kamkumbatia kifuani.

"Mama Neema, mpokee mtoto!" Bibi Nyangeta akaniambia.

Nikampokea. Majirani wakamsaidia Esta kutoka, na yule mama mtu mzima, bila kumngoja mtu, akaingia mtaroni hadi kiunoni. Alipapasa, akavuta, akavuta tena. Kiroba kikatoka, na maji yakashuka kwa kishindo. Kikapasuka, na wali uliovimba, sahani na chupa vikamwagika. Juu yake boksi la keki, na mwandiko wa mwokaji bado unasomeka: Krismasi Njema, Mama Neema.

"Tumjue huyo mtu!" kijana mmoja akapiga kelele. "Apelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa!"

Bibi Nyangeta alilisoma boksi polepole. Kisha akalikunja, akalichomeka ndani ya kitenge chake.

"Ni taka za mtaa wetu," akasema. "Nileteeni koleo."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo, mjukuu wake mikononi mwangu. Sijawahi kuona mtu mkubwa kama yule mama alivyokuwa, matope yamemjaa hadi kifuani.

Esta na mtoto wakahamia kwangu. Jua linazama, Bibi Nyangeta akaja, akaomba maji, akanawa. Ndipo akaliweka boksi mezani. Nikapiga magoti.

"Bibi, mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja wangekuzomea leo, halafu kila mmoja angejifunza kutupa chake kwa kujificha. Mimi nataka mtu wa kunisaidia, sitaki mtu wa kuaibishwa." Akalisogeza boksi upande wangu. "Ila Esta utamwambia mwenyewe. Hilo siwezi kukubebea."

Nilimwambia. Esta akageukia ukutani. Siku mbili hakunisemesha, nami nilimpikia uji na kumfulia nepi kimya kimya. Siku ya tatu akasema, "Mshike huyu, nikaoge." Nililia nikiwa nimemshika.

Bibi Nyangeta naye alikuwa akija jikoni kwangu kila asubuhi. Hakuhubiri. Aliyachukua maganda ya ndizi na viazi akampelekea jirani mwenye mbuzi. Chupa alizisuuza akawapa wanawake wa Mkuyuni wanaouza mafuta ya kula ya kupima. Majani ya mboga na majivu tulifukia kwenye kashamba kangu ka mchicha. Kila nilipotaka kutupa kitu alikuwa akiuliza, "Hiki hakuna anayekihitaji?" Mara nyingi mwenye kukihitaji alikuwepo.

Mwaka mpya wakwe walikuwa bado wapo. Nilienda sokoni na kikapu, nikapima mchele kwa idadi ya watu, nikaazima sahani kwa majirani. Na lile nililoliogopa likatokea: mama mkwe alinikuta nimeinamia vyombo. Akavuta kigoda, akakunja mikono ya gauni, tukaosha wote hadi tukaanza kucheka. Ndiyo siku aliyoniita "mwanangu" kwa mara ya kwanza. Taka za siku ile hazikujaza hata ndoo ndogo.

Bibi Nyangeta amepumzika sasa. Lakini wanawake wa mtaa wetu wanazibua mtaro kila mwaka kabla ya mvua kubwa, na Esta ndiye anayetutangulia.

Kwa hiyo, mwanangu, pika kinachoweza kuliwa, na kikibaki kigawe kikiwa bado cha moto. Usione haya kuazima sahani. Kabla hujatupa, uliza kama hakuna anayekihitaji, na kisichohitajika na mtu kisubiri gari la taka kwako, hata likichelewa, kisishuke kwa jirani. Na ukikosea, maana utakosea, nenda ukaseme mwenyewe kwa uliyemkosea. Mungu akupe sikukuu yenye watu wengi na sauti za furaha, akujalie majirani wenye moyo kama wa yule mama, na nyumba yako isikose wageni wala maji safi. Amina.