Mfungo wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipoanza kufunga na kuomba, akina mama wa kanisa walikuja hapa kwetu Sindo wakamwimbia. Mimi nilinuna. Sina ugomvi na maombi, nimelelewa nayo kule Kehancha. Lakini mtu ninayempikia kila siku namjua, na huyu alipenda kula! Kichwa cha ngege kilikuwa chake. Ukimpa mkia, anakuuliza kama samaki huyo alizaliwa bila kichwa.

Kwanza ilikuwa Jumatano. Ikaongezwa Ijumaa. Mvua zilipoanza, ikawa karibu kila siku, na ukimuuliza anakujibu kwamba mtu haishi kwa mkate tu. Sawa. Mbona basi uji anakunywa? "Uji si chakula," akasema. Tena ule mwepesi kabisa, aliouchuja mwenyewe. Ala! Kumbe Mungu amekataza ugali peke yake? Akina mama wakasema amina. Mimi sikuitikia.

Nilidhani ni mimi. Niliolewa hapa nikiwa Mkuria, Kiluo changu ni cha kuokoteza, na mimi na yeye tunaelewana kwa Kiswahili. Wapo waliomwambia mapema kwamba mkono wangu haujulikani. Anaogopa chakula changu, nikawaza, halafu anamsingizia Mungu. Basi nikawa naweka sahani mezani kwa kishindo.

Lakini nguo zikaanza kumpwaya. Gauni la kanisa akalibana kwa pini, kisha akaongeza pini nyingine. Hapo hasira yangu ikageuka hofu. Nilimwambia mume wangu, ambaye ni fundi Rongo na huja wikendi, kwamba mama yake ana jambo.

"Mwache mama aongee na Mungu wake," akasema.

Mwache! Nikamwambia tutamzika huku tunapiga makofi. Hakunisemesha tena mpaka aliporudi kazini.

Nikaamua kumchunga. Ijumaa moja akina mama walikuja kufungua mfungo kwetu. Nilipika ngege wa mchuzi, lakini ugali nilimwachia mmoja wao ausonge, makusudi, ili asiseme ni mkono wangu. Mama mkwe akapewa heshima ya kuombea chakula. Jamani! Aliombea wagonjwa, wafiwa, wavuvi, serikali na mitihani ya watoto, mpaka mchuzi ukapoa. Wenzake wakasema amina na kuvamia sahani. Mimi sikula, macho yangu yalikuwa kooni kwake.

Alimega tonge dogo, la mtoto, akalichovya, akatafuna, akatafuna. Kisha akainuka, ati anaenda kuangalia mbuzi. Mbuzi gani, na mimi nimetoka kuwaangalia sasa hivi? Nikamfuata.

Nilimkuta nyuma ya jiko ameegemea tangi la maji, analitema lile tonge, mkono kifuani, machozi yanamtoka.

"Mama, tangu lini?"

Akajifuta kwa leso. "Nyar Kuria," akasema. Ndivyo anavyoniita, binti wa Kuria. "Ile Jumatano ya kwanza nilifunga kweli. Jioni nikataka kula, chakula kikakataa kupita. Nikamwambia Mungu, basi tuendelee tu."

"Na sisi je? Mbona hukutuambia?"

"Nikisema nafunga, watu wanasema amina. Nikisema koo limekataa, wataanza kuulizana ni ng'ombe yupi atachinjwa matangani."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumgombeza, nikamgombeza. Nikamwambia mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwamba Jumatatu tunaenda hospitali Homa Bay, apende asipende.

"Na maombi?"

"Utaombea njiani."

Daktari alimshika shingo, akamuuliza maswali mengi, akasema ni lazima kamera ishushwe kooni ili waone kinachoziba. Turudi kesho, na kuanzia jioni asile wala asinywe kitu. Tulilala kwa jamaa yetu pale mjini. Mwenyeji alipakua samaki, mzuri ajabu, nikairudisha sahani yangu jikoni nikisema nimeshiba. Nilikuwa na njaa ya kunipasua. Lakini ningekulaje mbele yake?

Asubuhi nesi akaja kwenye benchi letu. "Mama, umekula chochote?"

Mama mkwe akanyoosha kitambaa chake kichwani. "Nimefunga," akasema. Kisha akanigeukia. "Na huyu pia. Alidhani sikumwona akirudisha sahani."

Nesi akamshika mkono kumwingiza ndani. Mama mkwe alipofika mlangoni alisimama, akanitazama, akangoja. Nilijua anangoja nini.

"Amina," nikasema, na kilio kikanitoka papo hapo, mbele za watu.