Waya Ndani ya Jeti

Karani wa mizani aliyewahi kuitupa pamba ya mama yangu kwenye fifi, daraja la pili, alikuja gereji kwangu Mabatini na mashine ya boti juu ya mkokoteni. Nilimtambua kabla hajashusha mzigo. Yeye hakunitambua, maana kule Magu alikuwa hatazami watu, alikuwa anatazama magunia. Pamba ya mama ilikuwa nyeupe pe. Aliipiga teke, akasema ina uchafu, na mama akalipwa nusu ya jasho lake.

Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wameingia, ushirika wa pamba umekufa, naye amepunguzwa kazi. Kiinua mgongo chote alikuwa amenunulia ile mashine iliyotumika, akawa anasomba sangara kutoka visiwani kuwapeleka viwandani. Hakuwa na kingine.

"Fundi, inabugia mafuta," aliniambia. "Wenzangu wamewekewa waya. Na mimi niwekee."

Waya ulikuwa mtindo wa siku zile. Jeti ni kipande kidogo cha shaba ndani ya kabureta, chenye tundu la kupitisha petroli. Namba kubwa, tundu kubwa. Mafundi walichomeka humo uzi mmoja wa waya wa umeme ili tundu lipungue. Nilifungua plagi yake nikaitazama: rangi ya kahawia, kama inavyotakiwa. Jeti yake ilikuwa sahihi kabisa kwa boti ya mizigo. Mashine za aina ile hupata oili humo humo kwenye petroli, kwa hiyo ukiinyima petroli umeinyima na oili. Wenzake walibeba abiria wawili watatu, yeye alibeba samaki tani nzima. Wateja wengine wenye mizigo nilikuwa nawakatalia.

Yeye nikamwekea. Nyuzi mbili, si moja.

Tulipoijaribu ufukweni, boti ikiwa tupu, ilichanganya mwendo kuliko siku zote. Alicheka mpaka akanishika bega. Nilimtakia kazi njema, na sitadanganya, nilifurahi.

Siku ya nne mashine ikanoki, ikakwama na kuzima katikati ya maji, boti imejaa. Samaki walioza juani akisubiri wa kumvuta. Aliporudisha mashine nikaifungua: pistoni imeyeyuka, imeng'ang'ania silinda. Mafundi wa jirani walisogea. Nilingoja anitukane, maana nilikuwa nimeandaa la kumjibu kuhusu mama. Badala yake aliwageukia wale mafundi.

"Msimlaumu huyu," alisema. "Ni tamaa yangu. Mimi ndiye niliyemlazimisha."

Ningeweza kusema kweli pale pale.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Ulinilazimisha."

Kesho yake asubuhi alirudi kuniomba nimtafutie namna, yoyote ile. Alikuwa amempita baba yangu kwa umri. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akaniamkia.

"Shikamoo, fundi."

Nikaitika marahaba, kisha nikamwambia mashine yake ni chuma chakavu.